Kilomita za Matano

Jumatatu, 17 Februari

Watu wa matanga wamekwisha. Mikeka imekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Leo Mbwana amelileta gari kutoka Diani. Lilikuwa hotelini tangu siku ile, kwenye maegesho, pale pale alipokutwa Matano. Mume wangu. Alifia kwenye kiti cha dereva akiwangoja wageni wake watoke ufukweni. Moyo, walisema hospitali. Moyo ulisimama. Asubuhi yake alitoka hapa akilalamika kwamba mbaazi zimezidi chumvi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyonayo. Chumvi!

Mbwana ni mdogo wake. Ameliegesha pale linapokaa siku zote, kando ya ukuta wa jikoni, chini ya soketi aliyoiweka Matano mwenyewe kwa ajili ya kulichaji, maana ni la umeme na petroli pamoja. Waya bado unaning'inia. Husna alitoka kulitazama. Akalizunguka, akalipangusa kioo kwa mkono, akarudi ndani. Binti yangu ana miaka kumi na tisa na tangu mazishi anatembea kama mtu mzima.

Mimi nilichungulia dirishani tu. Niko edani. Miezi minne na siku kumi, sitoki ila kwa dharura. Daftari hili ni la Husna la shule, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Ya kusema ninayo. Wa kumwambia ndiye sinaye.

Alhamisi, 20 Februari

Mbwana alikuja na heshima zake zote. Akaketi kibarazani na mamake, mimi nikiwa ndani nasikia. Gari likikaa litaharibika, alisema. Yeye leseni anayo, na wageni wengi wa Matano wanamjua. Alifanyishe kazi, nyumba ipate kula.

Bi Zainabu alimsikiliza. Mavyaa wangu huyu tunakaa naye ua mmoja, mlango wake na wangu inatazamana. Mwisho akasema lichukue. Ila usilipitishe mbele ya mlango wangu. Na mimi msiniambie nipande. Sipandi jeneza la mwanangu.

Jeneza! Neno hilo limenikaa kifuani mchana kutwa.

Alasiri likarudi. Nililisikia tokea barabarani, likinguruma mpaka uani. Husna akatoka mbio: Ami, hukulichaji? Mbwana akacheka. Nichaji nini, asema, na tokeni za stima za jana zimekwisha? Mamako apike gizani? Petroli ipo.

Matano hakuwa hivyo. Yeye alikuwa akifika sijui. Nainua kichwa kwenye cherehani, namwona amesimama mlangoni, anacheka. Likienda kwa umeme gari lile halina mlio kabisa, ila magurudumu kwenye kokoto kidogo. Na alipenda kunishtua, mtu mzima yule. Nilimwambia siku moja utaniua. Astaghfirullah.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama, tumefunga. Ramadhani ya kwanza bila yeye. Nimepika uji wa kumtosha na yeye. Mkono umezoea.

Mbwana amefuturu kwetu. Alikula tende mbili akaanza. Gari hili mwizi! Linakunywa petroli kuliko lile kuukuu alilokuwa nalo! Marehemu alikuwa akituambia linanusa tu, halinywi. Alikuwa akituambia linakwenda kilomita sitini bila kuchoma hata tone. Yako wapi?

Husna akamjibu taratibu. Ami, lile betri ni zito. Usipolichaji unabeba mzigo bure, na injini ndiyo inayoubeba. Baba alilichaji kila siku.

Na hizo sitini?

Husna akaniangalia. Mimi nikaangalia bakuli.

Sitini ni maneno ya yule muuzaji wa Mombasa. Matano aliyaamini kama alivyoamini kila kitu. Siku ya kwanza alituchukua mimi na mamake kwenda Msambweni, kliniki ya macho. Chaji imejaa, AC inapuliza, yeye anasimulia: tutakwenda na kurudi kwa umeme mtupu, mtaona. Tulipoipita Gazi tu, injini ikawaka. Ghafla, nguru! Bi Zainabu akaruka kwenye kiti, akasema, Matano, gari limekasirika! Tulicheka mpaka machozi. Lakini nilimwona yeye alivyokuwa akiitazama dashibodi. Kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Usiku akaniambia, Mwanaima, tusimwambie mtu. Akaendelea kusema sitini. Kwa majirani, kwa nduguze, kwa madereva wenziwe. Lakini yeye na Husna walilipima mpaka wakalijua. Thelathini na mbili, bila AC. Na AC, ishirini na tano, labda na sita barabara ikiwa tupu. Akapanga kazi zake humo humo. Hoteli kwa hoteli, kiwanja cha ndege cha Ukunda, kurudi nyumbani adhuhuri kula na kuchaji, kisha tena. Faida aliiona, ila si ile aliyoimbiwa. Gharama ya chaji nzima na ya petroli ya mwendo ule ule haziachani mbali sana, tokeni nazo si bure.

Sikumwambia Mbwana hata moja. Sijui kwa nini. Siri ya mtu aliyekufa inakuwa ya nani?

Jumapili, 9 Machi

Leo amekuja askari wa hoteli. Kombe, mtu wa kule Samburu kwenye barabara ya Nairobi. Ndiye aliyemwona Matano. Amesafiri kwao, amerudi kazini juzi, na ya kwanza kumjia moyoni ilikuwa kuja kutupa makiwa. Amemletea Husna mbuzi! Mbuzi mzima, kwa pikipiki. Mbwana akampokea kibarazani, Bi Zainabu akaketi mlangoni kwake, mimi nikawa nyuma ya pazia.

Alipomaliza makiwa akaweka kofia yake magotini. Kisha akasema, mama, nimekuja kusema niliyoyaona, maana siwezi kulala nayo.

Nikamwambia sema, baba.

Akasema Matano alifika asubuhi, akashusha wageni, wakaongea kidogo getini. Alikuwa mzima. Alimtania kuhusu viatu vyake. Kisha akaenda kuegesha kwenye kivuli. Kombe akazunguka kama kazi yake. Mara ya kwanza akampita, akamwona amelaza kiti, vioo vimefungwa, kofia imefunika macho. Akaona maji yanadondoka chini ya gari, akajua AC inafanya kazi. Injini haisikiki, kawaida ya gari lile. Akasema moyoni, mwache apumzike, mzee anaamka alfajiri. Mara ya pili, baada ya adhuhuri, hivyo hivyo. Maji yanadondoka. Akapita kwa ncha za vidole ili asimwamshe.

Hapo akajifuta uso kwa mkono. Mbwana akamwitia maji, akakumbuka ni mwezi wa Ramadhani, akamwomba radhi. Kombe akasema hapana, hata mimi leo sinywi, nawaheshimu.

Alasiri, akasema, gari likanguruma lenyewe.

Nikajua. Kabla hajamaliza nikajua. Chaji ilikuwa imekwisha. Betri likiisha injini inawaka yenyewe ili AC isizime. Matano alinieleza mimi, alimweleza Husna, alieleza kila aliyekubali kusikiliza.

Kombe yeye hakujua. Alidhani Matano anaondoka. Akaenda kumfungulia geti. Akalivuta lote mpaka mwisho, akasimama amelishika, anangoja gari lije. Akampungia mkono. Halikuja. Akangoja. Halikuja. Ndipo akaenda kugonga kioo.

Nimelishika geti, mama, alisema. Nimelishika namngoja apite.

Bi Zainabu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Mbwana akainuka akaenda kumshika. Mimi nikiwa nyuma ya pazia nikaona mkono wangu mwenyewe umeukamata ukingo wa pazia na sikuweza kuuachisha.

Mwisho nikamwambia Kombe, hukukosa. Ulimwacha alale kwa kumheshimu. Nenda ukalale nawe.

Nilisema kwa sauti nzuri. Lakini nilipokuwa nasema, moyoni nilikuwa nauliza. Kwa hiyo tangu asubuhi? Mpaka alasiri?

Jumatatu, 10 Machi

Jioni ya kuamkia siku ile aliyokufa nililichaji mimi. Kila jioni nilikuwa nikilichaji mimi, yeye akiwa msikitini. Nachomeka, naangalia taa ya kijani, narudi jikoni. Lilijaa pomoni.

Lingekuwa nusu. Stima zingepotea usiku ule, kama zinavyopotea kila tunapozihitaji! Injini ingewaka mapema. Kombe angeenda mapema. Angegonga kioo.

Siwezi kuandika leo.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia simu Esha, mdogo wangu. Ni muuguzi, amezoea watu wa moyo. Nikamweleza yote. Nikamuuliza: angekutwa mapema, angepona?

Nilimsikia akifunga mlango.

Dada, alisema, nikikwambia la, nitakuwa nakupoza tu. Nikikwambia ndiyo, nitakuua. Sijui. Kuna moyo unaosimama mara moja na mtu hana habari. Kuna mwingine unaochukua muda. Wa shemeji sijui ulikuwa upi, na hata waliompokea hawajui.

Nilitaka anidanganye. Nilimkasirikia kwa kutonidanganya. Sasa ni magharibi, namshukuru.

Futari: muhogo wa nazi. Husna hakula.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandikeje.

Husna amekuwa akimwandama ami yake siku zote hizi. Lichaji mara moja tu uone. Mara moja, Ami. Jana amekubali, nafikiri ili apumzike. Husna alinunua tokeni kwa pesa yake ya kusuka watu nywele, akalichomeka baada ya tarawehe. Mimi hawakuniambia. Nilikuwa nimelala na kichwa kinaniuma.

Leo kabla ya magharibi nilikuwa nashona. Kanzu ya mtoto wa jirani, ya Idi. Husna jikoni anakaanga. Nikasikia magurudumu kwenye kokoto. Magurudumu tu, hakuna mlio. Halafu mlango wa gari, pole pole.

Nikainuka.

Ndivyo ilivyokuwa, sikufikiri. Nikaweka kanzu, nikajifuta nyuzi mapajani, nikaenda mlangoni nikiwa tayari nimekunja uso ili nimgombeze kwa kunishtua. Nikafungua mlango. Nikasema, leo umewahi.

Mbwana alikuwa amesimama na funguo mkononi.

Nadhani aliyaona yote usoni mwangu, maana uso wake ulivunjika. Mtu mwenye ndevu, akakaa pale pale kwenye ngazi, akafunika macho kwa kiganja, mabega yanacheza. Shemeji, nisamehe, alisema. Shemeji, nisamehe. Sikujua.

Adhana ikaita. Hakuna aliyeinuka kwenda kuchukua tende. Husna alitukuta hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Watu wamevaa. Mimi na nguo zangu za eda.

Husna alitengeneza kaimati, zikamuungulia. Bi Zainabu alizila zote, akasema nzuri.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua hizi! Barabara ya kuingilia kwetu Bongwe imekuwa mto. Stima zimepotea tangu Jumapili, zikarudi leo asubuhi, zikapotea tena. Gari limekaa.

Mbwana amekuwa mtu mwingine. Analichaji, anazima AC akiwa peke yake, anajua mlima gani unakula chaji na mteremko gani unairudisha. Juzi alisema mbele yetu sote: thelathini na mbili ndiyo haki yake, hizo sitini za nani? Akanitazama. Nikamwambia kweli. Nikamweleza Gazi, nikamweleza tusimwambie mtu. Nilidhani atacheka, hakucheka. Akasema, kaka alikuwa anaona haya mbele yangu. Maana mimi ndiye niliyemwambia asilinunue.

Sikulijua hilo. Miaka ishirini na tatu nimekaa na mtu huyu.

Lakini wageni hakuna. Msimu wa mvua hoteli zinafunga nusu. Na Bi Zainabu jana aliwaita Mbwana na sheikh, akasema anataka mirathi igawanywe. Kila mtu apate fungu lake kwa sheria. Nyumba ibaki, shamba libaki. Gari liuzwe.

Sheikh akauliza sababu, akasema wenye gari wanakula kwalo. Bi Zainabu akasema, kila likiingia uani mimi nazika upya.

Sheikh akakunja karatasi yake.

Jumatano, 23 Aprili

Husna amegombana na nyanya yake. Anataka gari libaki. Baba alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, ana leseni ya muda tayari. Anasema wageni wa kike Diani wanatafuta dereva mwanamke, hoteli nyingi zinaulizwa.

Nyanya, hii ni kazi ya baba. Mimi nitaifanya.

Bi Zainabu akamwambia, na mimi nikakungoje alasiri? Nikae hapa kila alasiri ningoje kuambiwa?

Husna akanijia mimi. Mama, sema kitu. Nikasema nitafikiri. Akaniambia, wewe tangu baba afe unafikiri tu.

Ni kweli. Nusu ya mimi inataka liondoke lisionekane tena. Nusu nyingine ikisikia kwamba litaondoka inashindwa kumeza.

Jumamosi, 24 Mei

Mnunuzi amekuja. Abubakar, mtu wa Msambweni, ana biashara ya kupeleka wageni kwenye kivuko cha kisiwa cha Chale. Mtaratibu. Alimwamkia Bi Zainabu kwa shikamoo, akamwombea marehemu kabla hata ya kulitazama gari. Mimi nyuma ya pazia tena, eda haijaisha.

Alilizunguka, akainama, akasikiliza injini, akakagua tairi. Halafu akaketi akauliza: kwa umeme peke yake linakwenda umbali gani?

Mbwana akakohoa. Akasema — Mungu amsamehe, alikuwa anatutafutia fungu zuri — sitini, ndugu yangu. Likitunzwa.

Nilimwona Husna akiinamisha kichwa. Na mimi nikasikia sauti ya Matano ndani ya ile ya Mbwana. Sitini. Vile vile, na kituo kile kile kabla ya kuitamka.

Nikasema kutoka nyuma ya pazia: thelathini na mbili.

Mbwana akageuka. Shemeji!

Thelathini na mbili, nikasema, bila AC. Na AC ni ishirini na tano. Ukitoka Bongwe kwenda kwako Msambweni na AC, injini itawaka ukiipita Gazi tu. Na betri halitaongezeka, litapungua. Na usipolichaji kila siku, nunua gari jingine, hili litakutia hasara.

Abubakar aligeuka akalitazama gari. Kisha akasema, dada, nimeshatazama magari matatu ya namna hii mwezi huu. Nyote mnaniambia sitini. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia linapofika kweli.

Akasema safari zake ni fupi, Diani na kivukoni, zitamtosha. Lakini bei ya sitini hawezi kuitoa. Mbwana akafuatana naye nje, wakaongea. Akarudi uso umemshuka.

Bei ameshusha, akaniambia. Umeridhika?

Nikamwambia sijaridhika na kitu chochote tangu mwezi wa pili.

Baadaye alirudi na sahani ya maembe, akaiweka mlangoni bila kubisha. Hivyo ndivyo anavyoomba radhi. Kaka yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Eda imeisha leo. Esha alikuja na wanawake wa mtaani, wakaniogesha, wakanitia udi, wakanivisha leso mpya. Wakaniambia nicheke. Nikacheka.

Halafu nikatoka. Nimefika barabarani tu, dukani, nikanunua sabuni. Jua lilikuwa kali. Watu wakanisalimu wakishusha sauti. Nilidhani nitajisikia nimefunguliwa. Nilijisikia nimeachwa.

Wakati wa kurudi nilisimama kando ya gari. Kwa mara ya kwanza nililigusa. Boneti lilikuwa moto kwa jua. Ndani kumesafishwa, Mbwana hufagia kila siku. Lakini kiti cha dereva bado kimelazwa kidogo nyuma. Mbwana ni mfupi kuliko Matano, lazima anaendesha amenyoosha miguu. Hajakirudisha.

Na mimi sikukirudisha.

Abubakar atakuja Jumamosi na pesa zote. Sheikh atagawa.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika mchana, kwenye meza ya cherehani, kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Abubakar alifika mapema na mwenzake atakayeliendesha gari. Nikawapa sharubati ya ukwaju. Mbwana alikuwa ameliosha, likang'aa kama la harusi. Husna akatoa vitu vya baba yake: miwani, kofia, shati la akiba, chupa ya maji. Chupa ile akainywa maji yaliyobaki. Nilimwona. Yamekaa humo tangu mwezi wa pili!

Sheikh akasoma, wakapeana mikono. Funguo zikawa mezani baina yao. Mbwana hajazisukuma bado, Abubakar hajazichukua. Walikuwa wanamalizia maneno.

Ndipo mlango wa Bi Zainabu ukafunguka.

Alikuwa amevaa buibui lake la kutokea. Viatu vya Idi. Mkoba begani. Akavuka ua bila kumtazama mtu, mkono mmoja mbele kwa sababu macho yake si mazuri, akapapasa mpaka akaupata mlango wa gari. Wa mbele, upande wa abiria. Akaufungua. Akaingia. Akaketi.

Tulidhani anaaga. Sheikh akasema mwacheni, mzazi.

Kisha tukasikia mkanda ukilia, tak. Ameufunga.

Mbwana akaenda akainama dirishani. Tunasikia wote, ua ni mdogo.

Mama.

Twende, akasema.

Wapi, mama?

Msambweni. Kliniki yangu ya macho.

Mama, leo Jumamosi. Kliniki ni Jumatatu.

Bi Zainabu akauweka mkoba mapajani, akaufunga zipu. Basi tutangoja Jumatatu.

Mbwana akasimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Akamtazama Abubakar. Abubakar akatazama glasi yake. Sheikh akaanza kuvuta tasbihi.

Husna akatoka. Nikadhani atamwambia ashuke, au atalia. Akaenda upande wa pili, akaufungua mlango wa nyuma ili nyanya yake apate upepo. Akamwuliza, Nyanya, una joto? Bi Zainabu akasema hapana mwanangu. Baba yako huniwekea ubaridi mpaka meno yananiuma. Usiwashe.

Adhuhuri imeadhiniwa. Wanaume wameswali kibarazani, wamerudi kuketi. Sharubati imekwisha, nimetengeneza nyingine. Mwenzake Abubakar amechungulia saa mara mbili, Abubakar amemkanya kwa jicho. Funguo ziko pale pale mezani. Husna amempelekea nyanya yake wali kwenye sahani, amekula kidogo, amerudisha sahani kupitia dirishani, amesema alhamdulillahi. Hajashuka.

Mbwana amekuja dirishani kwangu sasa hivi. Shemeji, wewe atakusikiliza. Nenda ukamwambie.

Nimwambie nini?

Amesimama hapo nje, amenipa mgongo, anatazama gari.

Nimevaa viatu. Nimejitanda leso. Kutoka hapa naona kisogo chake tu, na buibui lililonyooka, na kiti cha dereva kitupu pembeni yake. Kiti cha nyuma, nilipokaa siku ile ya kliniki, hakina mtu. Mlango wake Husna ameuacha wazi. Naenda kuketi hapo.